Ushupavu ni wa Kiungo Kabla ya Kuwa wa Gundi

Pakiti ya gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, humwahidi mnunuzi nguvu. Ahadi yenyewe huandikwa kwa namba moja: kilo kadhaa kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo si ya uongo, ila inajibu swali dogo kuliko lile linalomkabili mhandisi anayeunganisha ubavu wa ndege, bodi ya gari au panga la mtambo wa upepo. Yeye anajua kwamba hakuna kiungo kilichogundishwa kisicho na kasoro. Patakuwa na kipovu cha hewa, alama ya mafuta ya kidole, au ukingo ambao gundi haikuufikia. Anachotaka kujua ni kitakachotokea kasoro hiyo ikianza kukua: ufa utakwenda mbio mpaka mwisho wa kiungo kwa kishindo kimoja, au utasogea kwa taabu, ukitozwa nishati kwa kila milimita? Kwa zaidi ya miaka 50 wanakemia wamejitahidi kuzipa gundi za epoksi ushupavu, yaani uwezo wa kuutoza ufa gharama hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba jitihada hizo zimefaulu, na kufaulu kwake kumelihamisha swali lenyewe. Kadiri gundi inavyozidi kuwa shupavu, ndivyo ushupavu wake unavyozidi kutegemea kiungo kizima: unene wa tabaka, kasi ya mzigo, joto, na zaidi ya yote hali ya uso uliopakwa. Anayenunua ushupavu ndani ya mkebe bila kuyashughulikia hayo amenunua nusu ya kitu.

Msingi wa kufikiri hivi uliwekwa na A. A. Griffith, mhandisi wa Uingereza, katika utafiti wake kuhusu kioo uliochapishwa mwaka 1921. Griffith alitaka kujua kwa nini kioo huvunjika kwa mzigo mdogo mno ukilinganishwa na nguvu ya vifungo vya atomu zake. Muuza vitambaa analijua jibu kwa mikono yake: kitambaa kinachogoma kuchanika kikivutwa kizima hupasuka kwa mvuto mwepesi mara tu mkasi ukikigusa pembeni. Kioo kina vijinyufa vyake tangu mwanzo, na Griffith alionyesha kwamba ufa hukua pale nishati inayoachiliwa na kitu kilichovutwa inapotosha kulipia uso mpya unaofunguliwa. Katika miaka ya 1950 George Irwin, nchini Marekani, aliigeuza hesabu hiyo kuwa kipimo ambacho mhandisi anaweza kukitumia, akakipa herufi G kwa heshima ya Griffith: jouli zinazohitajika kuuendeleza ufa kwa kila mita ya mraba. Kwa kipimo hicho kioo cha kawaida kinadai jouli kumi hivi. Epoksi iliyoganda bila kuongezwa kitu inadai kati ya 100 na 200. Gundi shupavu za ndege na magari zinadai 2,000 na kuendelea. Kuvikata vifungo vya kikemia vilivyo kwenye njia ya ufa ni kazi ya jouli moja au chache tu. Zinazobaki zote huishia katika kunyumbuka kwa mata iliyo mbele na kando ya ncha ya ufa. Mtu akishalikubali hili, swali la ushupavu huwa swali la nafasi: mata ina nafasi kiasi gani ya kunyumbuka, na nani anaigawa?

Epoksi yenyewe haikuumbwa kwa kunyumbuka. Resini hizi zilibuniwa katika miaka ya 1930 na 1940, na Pierre Castan nchini Uswisi na Sylvan Greenlee nchini Marekani ndio wanaotajwa kama waanzilishi, kila mmoja kwa njia yake. Sifa kubwa ya resini hizi ni kwamba zikichanganywa na kigumishi, molekuli zao hushikana pande zote na kuwa wavu mmoja usioyeyuka tena. Wavu huo ndio unaoipa gundi ugumu, uwezo wa kuhimili joto na kutonyooka chini ya mzigo. Ndio pia unaoinyima ulegevu: minyororo iliyofungwa kila hatua haiwezi kuteleza, na mata isiyoteleza hupasuka. Kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kuchanganya kigumu na kilaini lilikuwa jambo lililojulikana hata kabla epoksi haijaingia sokoni. Mwaka 1941 Norman de Bruyne na kampuni yake iliyokuwa Duxford, karibu na Cambridge, walitoa gundi ya metali iliyoitwa Redux: metali ilipakwa resini ya fenoli, ikanyunyiziwa unga wa plastiki laini, kisha ikabanwa kwa joto. Resini ya fenoli peke yake ingekuwa dhaifu kama kigae. Pamoja na plastiki ile iliweza kubeba sehemu za ndege za kampuni ya de Havilland, ikiwemo Hornet iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1944.

Kwa epoksi, hatua kubwa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, pale Frederick McGarry na wenzake katika chuo cha MIT walipochanganya resini na mpira wa majimaji wa butadieni na akrilonitrili, ambao ncha za minyororo yake zinaweza kushikana na epoksi kikemia. Inafaa kulitazama kwa karibu linalotokea ndani ya mchanganyiko huo. Mwanzoni mpira umeyeyuka kabisa na resini ni angavu. Kuganda kunapoendelea, molekuli za epoksi zinarefuka na mpira unakosa nafasi kati yao. Unajitenga kuwa matone madogo, na kioevu kinageuka cheupe kama maziwa. Wavu unapokaza, matone yanafungiwa palepale yalipo, kila moja likiwa na kipenyo cha mikromita moja hadi tano hivi. Baadaye ufa unapokaribia, mata iliyo mbele yake inavutwa pande zote tatu kwa pamoja. Mpira unapenda kubadili umbo lakini unachukia kubadili ujazo, hivyo unapinga mvuto huo mpaka unapasuka ndani kwa ndani na kuacha tundu. Tundu likishafunguka, epoksi inayolizunguka inafunguliwa kutoka kwenye kifungo cha mvuto wa pande tatu na inaweza kuteleza na kunyumbuka, jambo ambalo isingeliweza dakika moja kabla. Ukitazama kiungo kilichopasuliwa, uso wake una weupe usiokuwepo awali. Chini ya hadubini weupe huo ni maelfu ya matundu, mengi yakiwa mapana kuliko matone yaliyoyazaa.

Kwa muda fulani wapo waliodhani kwamba mpira ndio unaomeza nishati, kwa kunyooka kama nyuzi zinazoshikilia kingo mbili za ufa. Ushahidi umelipa wazo hilo nafasi ndogo. Kazi za Anthony Kinloch na wenzake mwaka 1983, na za Raymond Pearson na Albert Yee katika miaka iliyofuata, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya nishati humezwa na epoksi yenyewe. Kipimo kilichokata mzizi wa fitina kilikuwa hiki: Pearson na Yee walichukua epoksi zenye wavu wa kubana kwa viwango tofauti, wakazitia mpira wa aina moja. Zile zenye wavu wa kulegea zilipata ushupavu mwingi sana, na zile zenye wavu uliobana mno zikafaidika kidogo tu, ingawa mpira ulikuwa uleule. Chembe ya mpira basi hutoa ruhusa, na anayenyumbuka ni epoksi. Ndiyo maana kuongeza mpira bila kikomo hakuleti faida isiyo na kikomo. Baada ya kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya ujazo faida hupungua, huku gundi ikilegea na kupoteza uwezo wa kuhimili joto. Watengenezaji wa siku hizi hutumia zaidi chembe zilizotengenezwa kabla, zenye kiini cha mpira na ganda gumu, ambazo ukubwa wake hautegemei jinsi gundi inavyoganda, na wengine huongeza chembe za silika za nanomita 20 hivi ili gundi isilegee. Kanuni iliyo chini ya mbinu zote ni moja: kuipa epoksi fursa ya kunyumbuka katika eneo pana zaidi mbele ya ufa.

Na hapa ndipo mambo yanapogeuka, maana eneo hilo lina ukubwa, na kiungo kina unene. Hesabu ya kawaida ya mekanika ya mpasuko inasema eneo la mnyumbuko hukua kwa kadiri ya ushupavu na hupungua kwa mraba wa mkazo unaoifanya gundi ianze kunyumbuka. Kwa epoksi isiyoongezwa kitu, makadirio hutoa sehemu za mia za milimita. Kwa epoksi shupavu hutoa sehemu za kumi za milimita. Tabaka la gundi katika kiungo cha kawaida lina unene wa kati ya sehemu moja ya kumi ya milimita na milimita moja. Epoksi dhaifu basi inaishi ndani ya kiungo bila kujua kuta ziko wapi, lakini epoksi shupavu inagusa kuta zote mbili. Ndicho alichokiona Bascom na wenzake katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, katika matokeo ya mwaka 1975: unene wa tabaka haukuwa na athari kubwa kwa epoksi ya kawaida, ila kwa epoksi yenye mpira ushupavu ulipanda na kushuka kadiri unene ulivyobadilika, ukifika kilele pale unene ulipokaribia ukubwa wa eneo la mnyumbuko. Kinloch na Shaw waliieleza tabia hiyo kwa undani mwaka 1981. Tabaka likiwa jembamba kupita kiasi, metali za pande mbili zinaikosesha gundi nafasi. Likiwa na unene mwafaka, metali hizohizo zinaurefusha mnyumbuko kwenda mbele, na kiungo kinaweza kuwa shupavu kuliko pande la gundi ileile lililopimwa peke yake. Si kila gundi ya biashara hufuata mkunjo huo barabara, lakini funzo linabaki: gundi moja, mkebe mmoja, inaweza kutoa namba tofauti sana kwa sababu tu fundi mmoja alibana vibano zaidi ya mwenzake.

Unene ni sharti la kwanza tu. Kipimo cha msingi cha ushupavu wa kiungo hufanywa kwa kugundisha mihimili miwili ya metali, kwenye ncha moja kukiwa kumewekwa kipande cha utando usioshika gundi ili ufa uwe na pa kuanzia. Ubavu wa mihimili hupakwa rangi nyeupe nyembamba na kuchorwa mistari ya milimita, mashine huitenganisha ncha taratibu, na mpimaji huufuata ufa kwa hadubini, mstari kwa mstari, akiandika mzigo na umbali. Kinachopatikana ni ushupavu dhidi ya kufunguka. Ufa uleule ukilazimishwa kuendelea kwa nyuso mbili kuteleza sambamba, kwa kawaida nishati inayohitajika ni kubwa zaidi, na viungo halisi huwa na mchanganyiko wa namna zote mbili. Ongeza kasi ya mashine, au shusha joto, na mkazo wa kuanza kunyumbuka unapanda, eneo la mnyumbuko linasinyaa, na gundi iliyokuwa shupavu mezani inaweza kurudi kuvunjika kama kioo. Ndiyo sababu gundi za magari yaliyokusudiwa kuhimili ajali hujaribiwa kwa kupigwa kabari kwa kasi, zikiwa zimepoozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ushupavu uliopimwa polepole katika chumba chenye nyuzi 23 hausemi mengi kuhusu sekunde ile ya mgongano.

Hapa msomaji makini ana haki ya kupinga. Ikiwa namba ya ushupavu inabadilika kwa unene, kasi, joto na namna ya kufunguka, ina faida gani? Si bora kurudi kwenye kipimo cha zamani, cha kugundisha bati mbili zilizopandiana na kuzivuta mpaka ziachane? Kipimo hicho ni rahisi, kila maabara inakiweza, na ndicho kilicho nyuma ya namba nyingi za kwenye pakiti. Tatizo ni kwamba nacho kinategemea masharti hayohayo, ila kinayaficha. Olaf Volkersen alionyesha tangu mwaka 1938 kwamba mkazo katika kiungo cha kupandiana haugawanyiki sawasawa: unarundikana kwenye ncha mbili, huku katikati pakiwa na kazi ndogo. Goland na Reissner wakaongeza mwaka 1944 kwamba bati zinapovutwa hupinda, na kupinda huko huzibandua ncha. Kwa hiyo kuugawa mzigo kwa eneo lote lililogundishwa ni kutoa wastani wa kitu kisicho na wastani. Ukiurefusha mpandiano mara mbili, kiungo cha gundi isiyonyumbuka hakibebi mzigo mara mbili. Kipimo cha ushupavu angalau kinautaja ufa kwa jina, kinasema unaendeleaje, na kinamruhusu mhandisi kuuliza kasoro ya ukubwa gani itakuwa hatari. Kutegemea masharti si udhaifu wa namba hii. Udhaifu ni wa anayeinukuu bila masharti yake.

Sharti zito kuliko yote, hata hivyo, haliko ndani ya gundi wala halionekani kwenye mashine ya kawaida ya kuvuta. Ufa hufuata njia yenye gharama ndogo. Kuipa gundi ushupavu ni kuifanya njia ya katikati ya tabaka iwe ghali, na hapo ufa unaanza kutafuta njia nyingine: mpaka kati ya gundi na metali, utando wa oksidi wa alumini, au tabaka za nyuzi iwapo kilichogundishwa si metali. Mpaka uliotayarishwa vizuri na uliokavu huwa na nguvu ya kutosha kuulazimisha ufa ubaki ndani ya gundi. Maji hubadilisha hesabu hiyo. Yanapenya polepole kupitia gundi na kando yake, yanavunja mshikano kati ya resini na oksidi, na oksidi yenyewe inaweza kugeuka kuwa utando dhaifu. Kiungo kilichoonyesha ushupavu mkubwa siku ya kwanza, na kupasuka katikati ya gundi, baada ya muda kinabanduka safi, metali ikiwa uchi upande mmoja, kwa sehemu ndogo ya nishati ya awali. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Boeing iliendeleza matayarisho ya alumini kwa umeme ndani ya asidi ya fosforiki, pamoja na kipimo rahisi cha kuyahakiki: kabari inapigwa kati ya bati mbili, sampuli inaingizwa kwenye joto na unyevu, na anayepima anaangalia ufa umesogea kiasi gani. Kipimo hicho hakitoi namba ya kupamba tangazo, lakini kinatenganisha uso mzuri na mbaya kwa uhakika kuliko kipimo chochote cha nguvu cha siku ya kwanza.

Gharama ya kulipuuza jambo hili ilionekana tarehe 28 Aprili 1988, pale Boeing 737 ya shirika la Aloha, ikiwa safarini kutoka Hilo kwenda Honolulu, ilipopoteza sehemu ya paa la mwili wake lenye urefu wa mita tano na nusu hivi, futi 24,000 angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa, na marubani wakafanikiwa kuitua ndege Maui. Ndege hiyo ilikuwa imeruka na kutua karibu mara 90,000. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulieleza kwamba katika ndege za mwanzo za aina hiyo bati za mwili ziliunganishwa kwa kitambaa kilicholowekwa epoksi, kilichohifadhiwa kwenye baridi na kuganda kwa joto la kawaida. Gundi ndiyo iliyokusudiwa kuupitisha mzigo kutoka bati moja hadi nyingine. Lakini matayarisho ya uso na namna ya kutumia kitambaa kile vilizaa viungo visivyodumu. Unyevu ukaingia, gundi ikaachia, kutu ikafuata, na mzigo wote ukahamia kwenye ribiti, ambazo vichwa vyake vilizamishwa katika bati nyembamba kiasi cha kuacha ukingo mkali kama wa kisu. Nyufa za uchovu wa metali zikaanza kwenye tundu moja baada ya jingine mpaka zikakutana. Boeing ilikuwa imeuacha utaratibu huo wa kugundisha mwaka 1972, miaka 16 kabla ya tukio.

Mtetezi wa gundi mpya atasema mfano huu ni wa kale: gundi shupavu ya leo isingeachia. Jibu linahitaji uangalifu, kwa kuwa pingamizi lina ukweli ndani yake. Gundi inayonyumbuka huusaidia hata mpaka, kwani sehemu ya nishati humezwa na gundi iliyo jirani hata ufa ukipita kwenye mpaka wenyewe. Katika kiungo kikavu faida hiyo ni kubwa. Lakini mnyumbuko huo unawezekana tu iwapo mpaka una nguvu ya kuishikilia gundi mpaka ifikie mkazo wa kunyumbuka. Maji yakishaupunguza mshikano chini ya kiwango hicho, gundi haipewi nafasi ya kufanya kazi yake: ufa unapita kabla tone moja la mpira halijapasuka. Kwa hiyo ushupavu huzidisha nguvu ya mpaka uliopo, na ukizidisha kitu kilichokaribia sifuri unapata sifuri. Katika ubavu wa Aloha kosa lilikuwa la uso na utaratibu, na gundi bora juu ya uso uleule ingechelewesha mambo pengine, bila kuondoa sababu yake.

Kuna pia muda. Tarehe 10 Julai 2006, katika handaki la barabara mjini Boston, tani 26 hivi za paa la zege na vyuma vyake ziliangukia gari na kumuua abiria mmoja. Nanga zilizolishikilia paa ziligundishwa kwa epoksi ndani ya matundu ya zege. Zilipofungwa zilijaribiwa kwa mvuto wa muda mfupi na zikafaulu. Wachunguzi walikuta kwamba epoksi iliyotumika, ya aina inayoganda haraka, ilikuwa inanyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu mpaka nanga zikachomoka. Hapa tatizo halikuwa ushupavu wala uso. Lilikuwa uwezo wa gundi kubeba mzigo uleule mchana na usiku kwa miaka. Tukio hili linamhusu kila anayeshawishika kwamba kulegeza epoksi ni heri tupu, kwa sababu ulegevu unaozuia ufa wa ghafla na ulegevu unaoruhusu kunyooka polepole huweza kutoka chanzo kimoja. Joto huukuza zaidi. Epoksi nyingi zinazoganda zenyewe bila kupashwa moto huanza kulainika katika joto lisilozidi sana lile la kugandia, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60. Bati nyeusi iliyoanikwa juani Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukaribia kiwango hicho, tena katika hewa yenye unyevu wa pwani. Mtu anayesoma karatasi ya gundi iliyoandikwa kwa majaribio ya nyuzi 23 ana wajibu wa kujiuliza kama kiungo chake kitaishi katika chumba hicho.

Baada ya yote haya, wapo watakaosema: rudini kwenye ribiti na kuchomelea. Hoja hii ina busara ya fundi, lakini inasahau kwamba ribiti huleta tundu, na tundu ndilo lililokuwa chanzo cha nyufa za Aloha. Kuchomelea nako hakuwezi kuunganisha alumini na chuma kwa urahisi, wala hakuna nafasi kwa nyuzi za kioo au kaboni. Magari ya leo yana makumi ya mita za gundi kwenye bodi zao, mengine zaidi ya mita 100, na sehemu nyingine huongezewa ribiti au nukta za kuchomelea. Mapanga makubwa ya mitambo ya upepo kwa kawaida hutengenezwa kwa maganda mawili yanayogundishwa pamoja, na hakuna ribiti ambayo ingefanya kazi hiyo. Kenya peke yake ina mitambo 365 katika shamba la upepo la Ziwa Turkana, yenye mapanga matatu kila mmoja. Gundi imekwisha kuingia, na suala lililobaki ni jinsi ya kuiamini. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imeliweka jambo hili kwa namna ya kinidhamu: anayetegemea kiungo cha gundi katika sehemu muhimu aonyeshe kwamba muundo unaweza kuuzuia mbanduko usipite ukubwa unaovumilika, au ajaribu kila kipande kwa mzigo wake wa juu wa matumizi, au awe na ukaguzi usioharibu unaothibitisha nguvu ya kila kiungo. Njia ya tatu imebaki ngumu kutekelezeka, maana mawimbi ya sauti huona gundi ilipokosekana lakini hayaoni pale gundi iliposhika kwa jina tu. Kwa sababu hiyo wasanifu wengi hutegemea ya kwanza, na ya kwanza ina maana tu ikiwa unaujua ushupavu wa kiungo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa watu wa kompyuta. Leo programu zinaweza kuigiza ufa ukipita ndani ya tabaka la gundi, zikipewa kanuni inayounganisha mvuto na mwachano wa nyuso mbili, na matokeo yake mara nyingi yanalingana na majaribio. Je, masharti yote hayawezi kuingizwa humo? Mengi yanaweza. Lakini eneo lililo chini ya mkunjo wa kanuni hiyo ndilo ushupavu wenyewe, na programu haiuzalishi, inaupokea. Ukiilisha namba iliyopimwa kwa unene wa nusu milimita, polepole, kwenye uso uliotayarishwa maabara, itakupa jibu safi kuhusu kiungo hicho, si kile kilichofungwa karakanani kwenye bati iliyofutwa kwa kitambaa chenye petroli.

Kinachofuata kutokana na hoja hii ni cha vitendo. Anayenunua gundi kwa kazi ya kubeba maisha ya watu asiridhike na nguvu ya bati zilizopandiana. Adai ushupavu wa kiungo ukiwa umeandikwa pamoja na unene wa tabaka, kasi, joto na metali iliyotumika, na adai kipimo cha kabari katika unyevu kwa uso atakaoutumia mwenyewe. Baada ya kila jaribio aziangalie nyuso zilizoachana kabla ya kuandika namba: gundi iliyobaki pande zote mbili, ikiwa na weupe wa matundu, inasema kemia ilifanya kazi yake, na metali iliyo uchi inasema hakuna namba itakayoisaidia. Vyuo vinavyofundisha mafundi na wahandisi vianze somo la gundi kwenye meza ya kusafishia, kabla ya rafu ya mikebe. Fedha ya ziada, ikiwepo, iende kwanza kwenye matayarisho ya uso na vipima unene, kisha kwenye gundi ghali zaidi, kwa kuwa ushupavu ulioongezwa na mwanakemia hauna pa kukaa mpaka fundi autengenezee nafasi.